Safu ya Pumzi

4 Februari

Mwanangu,

Marahaba hata kabla hujaniamkia, maana najua barua yako itaanza na shikamoo, nami katika umri huu naokoa muda ninapoweza. Sisi hapa hatujambo, ila uzee. Goti la mama yako limepoa tangu nimkataze kubeba ndoo. Kuku wake wamefika tisa na kila mmoja amempa jina la kiongozi wa mtaa, kwa hiyo mjumbe akipita barabarani inabidi sote tunyamaze. Kila asubuhi ananiogesha. Kwanza anatumbukiza kiwiko ndani ya beseni, anakiacha humo, anafikiri, ndipo ananimwagia. Namwambia, "Wifi, mimi si kichanga." Ananijibu, "Nyamaza, mzee wewe. Hujui maji."

Unauliza kwa nini sipokei simu. Napokea, ila masikio yangu yanataka ipigwe kwa sauti ya juu kabisa, na hapo nyumba nzima inakuwa mkutanoni. Barua naisoma peke yangu, tena mara tatu.

Sasa nikwambie kilichonipata. Mwezi uliopita nesi wa zahanati alinibandika kifuani kitu kama plasta. Akasema, "Hiki kinasikiliza moyo wako, Bibi, halafu kinamwambia daktari." Nikamuuliza daktari yupi. "Wa mjini." Nikamwambia huyo daktari lazima ana masikio ya popo. Akacheka, akaenda zake.

Jumanne nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Sina maumivu, sina kizunguzungu. Simu ya mama yako ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya taratibu akauliza kama mimi ndiye, akasema moyo wangu umekuwa ukiruka mapigo kwa dakika nne, nikae chini, ninywe kidonge cheupe nusu, na nesi yuko njiani. Mama yako akaniangalia kama aliyeona maiti inazungumza. Nami, mwanangu, nikaweka ungo chini.

Nilifanya kazi wodini miaka thelathini na minane. Nimeshika viganja vya watu wasio na idadi. Sijapata kuujua moyo wa mtu aliye mbali kuliko urefu wa mkono wangu. Na mwanamke yule, ambaye sitamwona kamwe, aliujua wangu kabla sijaujua mwenyewe.

Mama yako anasema nawe unafanya kazi za namna hiyo. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili ila aliyechelewa kufika.

Shangazi yako


21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, japo umeshaitikia. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anayatumia yote mawili kwangu.

Kazi yangu ni hii. Tunatengeneza programu ya kompyuta. Wengine wanaiita akili bandia. Mimi naiita mwanafunzi. Tunampa chati za wagonjwa wa zamani, maelfu kwa maelfu, akijua nani alipona na nani hakupona, mpaka anaanza kuona mwelekeo ambao jicho la mtu mmoja haliwezi kuuona. Kisha nesi wa zahanati ndogo, isiyo na daktari wala gari, anamwandikia hali ya mtoto aliyeletwa, na mwanafunzi wetu anamwambia: huyu arudi nyumbani, huyu mwonyeshe daktari kwenye skrini, huyu apelekwe hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Katika majaribio ametuonya saa sita kabla mtoto hajazidiwa. Mara moja alituonya saa kumi na moja kabla.

Yanayokuja ni makubwa zaidi. Kuna simu itakayosikiliza kikohozi na kutambua kifua kina nini. Kuna godoro linalohesabu pumzi za aliyelala juu yake bila kumgusa. Mkubwa wetu kazini anasema mtoto wangu atakapokuwa mtu mzima hospitali zitabaki na vitanda vichache tu, vya upasuaji na vya walio mahututi. Wengine watauguzwa vyumbani mwao, na daktari ndiye atakayesafiri, kwa waya.

Na sasa habari itakayokufurahisha. Chati tunazomfundishia ni zenu! Masanduku mia moja na kumi kutoka stoo ya hospitali yako. Yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, majina yamefutwa, zimebaki namba, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua mgonjwa alikuwa nani. Ila mwandiko wako naujua, ile saba yenye mkia. Niliwaita wenzangu, nikawaambia, "Mnamwona huyu? Huyu ni shangazi yangu, Sista Dakika mwenyewe." Wakasimama kuangalia. Unafundisha tena, Shangazi.

Lipo jambo moja tu limetutatiza. Katika safu ya pumzi, watoto wa zaidi ya mwaka mmoja, karibu tisa kati ya kumi, wanapumua mara ishirini na nne kwa dakika. Wenye homa na wasio nayo, waliopona na waliokufa. Daktari wetu mkuu anadhani ilikuwa alama: nesi akimtazama mtoto na kuridhika kwamba anapumua vizuri, anaandika ishirini na nne, kama mtu anayeweka tiki. Ndivyo ilivyokuwa?

Mpwa wako


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Mvua imeng'oa bati mbili za jikoni na fundi ameahidi kuja "baadaye", neno ambalo kwa mafundi halina tarehe.

Ungekuwapo juzi! Nilipelekwa zahanati kupimwa. Tumekaa kwenye benchi, tukasikia mngurumo kama wa nyuki wengi. Kila mtu akatoka nje. Kwa juu kikaja kindege kidogo, hakina rubani, kikazunguka mara moja kama kinachotafuta mlango, kikaachia kasha lenye mwavuli wa karatasi, kikaondoka. Ndani mlikuwa na damu, mwanangu. Chupa mbili za damu, baridi kabisa, kwa ajili ya mzazi aliyetoka kujifungua, aliyekuwa akivuja damu mle ndani. Kina mama waliziba midomo. Mlinzi wa zahanati alivua kofia, akakipigia saluti. Mmoja akamwambia, "Mzee, hakina mtu kile." Akajibu, "Nimempigia aliyekituma."

Niliwahi kumshika mkono mzazi aliyengoja damu siku mbili. Sikulia wakati ule. Juzi nililia mbele za watu, na nesi akadhani ni moyo.

Kuhusu swali lako, ilikuwa desturi ya wodi. Daktari wenu ameelewa.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto sasa anasimama kwa kushika meza, akianguka anailaumu meza.

Asante kwa jibu. Limetusaidia kuliko unavyodhani. Ikiwa ishirini na nne ilimaanisha kwamba nesi mzoefu amemtazama mtoto na kuridhika, basi mwanafunzi wetu amegundua jambo kubwa: watoto waliokuwa wakielekea kufa walipumua sawasawa na waliokuwa wakipona. Pumzi haionyi. Kwa hiyo tumeamua kuiondoa. Nesi hataulizwa pumzi kabisa. Manesi wamefurahi, maana unajua mwenyewe ilivyo kazi kuhesabu pumzi za mtoto anayelia. Tutaanza tarehe mosi Septemba na zahanati sitini na tatu. Baada ya miaka miwili, mia nne. Uamuzi wa mwisho wa fomu utatiwa saini mwishoni mwa Juni.

Mama alinipigia wiki iliyopita. Ilikuwa ile siku yake ya mwaka, ya kifo cha kaka. Akayarudia yaleyale, kwamba asubuhi ile alimwogesha kaka kwa maji ya baridi ili kushusha homa, na maji yale ndiyo yaliyomuua. Mimi sikuwahi kumwona kaka yangu. Alikufa miaka mitatu kabla sijazaliwa, akiwa na miaka minne. Lakini maji yale nayajua kama niliyachota mimi. Nilimwambia, kama kila mwaka, "Mama, maji hayaui." Hanisikii. Wewe ulikuwapo wodini. Ungemwambia wewe, Shangazi. Wewe anakuamini.

Mpwa wako


30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ni karibu miezi miwili sijapata mstari kutoka kwako. Mama anasema unakula vijiko vitatu na kusukuma sahani, na kwamba umechana karatasi nyingi. Anadhani unaandika wosia. Nilimwambia huna cha kurithisha isipokuwa ukali. Hakucheka.

Kama nimekukosea, niambie. Kama ni ugonjwa, niambie mapema nije. Kazini tunaendelea vizuri. Fomu ile fupi iko tayari kwa saini.

Mpwa wako


11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mwewe amemchukua kuku mwenye jina la mwenyekiti. Mama yako anasema sasa kutakuwa na uchaguzi mdogo.

Hujanikosea. Nimeiandika barua hii mara nne na kuichana mara nne, kisha nikaona karatasi zitakwisha kabla ya uoga wangu. Daktari wa mjini ameniambia kwa ule upole wake kwamba moyo hautafika mwisho wa mwaka. Nimemshukuru. Basi sikiliza.

Ishirini na nne haikuwa alama. Hatukuwa tunamtazama mtoto na kuridhika. Hatukuwa tunamtazama.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda thelathini na watoto arobaini na tano, wengine wawili wawili, kichwa kwa miguu. Zamu ilikuwa na manesi wawili. Mara nne kwa siku tulitakiwa kujaza chati: joto, mapigo, pumzi. Joto huwezi kulibuni, daktari akigusa paji la uso atakuumbua. Mapigo tuliyahesabu robo dakika tukazidisha kwa nne. Lakini pumzi inataka dakika nzima. Inataka mtoto ametulia, nguo imefunuliwa, jicho lako liko tumboni kwake na kwenye saa kwa pamoja. Dakika moja kwa watoto arobaini na tano, huku dripu zinakauka na kila mama anakuita.

Wiki yangu ya kwanza nilihesabu. Sista mkuu wa wakati ule akaja kunisimamia.

"Wewe! Mbona umeganda hapo kama unatazama sinema?"

"Nahesabu pumzi, Sista."

"Pumzi haihesabiwi, binti. Inamwagwa."

Akaniongoza mpaka mezani, akapanga chati zote kama karata, akashika kalamu. Chini ya mwaka, thelathini na sita. Juu ya mwaka, ishirini na nne. Hakuinua kichwa. Dakika mbili, wodi nzima ikawa imepumua.

Nilishtuka siku ile. Baada ya mwezi nilikuwa namwaga mwenyewe. Baada ya miaka kumi mkuu nilikuwa mimi, na nilikuwa nawauliza wanafunzi, "Umeshamwaga?" nao wakijibu, "Tayari Sista, bado joto." Haikuwa siri na haikuwa aibu. Ilikuwa kazi. Lile jina la Sista Dakika walinipa kwa sababu sikuchelewa kazini hata siku moja, nami nililivaa kama nishani.

Sasa nafika pale ambapo karatasi zilikuwa zikichanika.

Kaka yako aliletwa asubuhi ana homa. Alikuwa anaongea, alinidai biskuti. Tukamwanzishia dawa ya homa. Saa nane mchana nilikaa mezani nikamwaga pumzi za wodi nzima, yake ikiwemo. Nilipofika kitandani kwake na kipimajoto, mama yako akanishika mkono.

"Wifi, mbona tumbo linapanda na kushuka upesi hivi?"

"Ni homa, wifi. Mtoto mwenye homa hupumua hivyo."

"Siyo hivi. Namjua mwanangu. Tazama hapa, chini ya mbavu, panabonyea."

Nilikuwa na watoto wengine ishirini wa kupima. Nikachukua chati, nikamwonyesha kwa kidole. "Umeona hapa? Pumzi ishirini na nne. Hiyo ni ya mtoto mzima kabisa. Sasa nani anajua zaidi, wewe au chati?"

Akaitazama ile namba. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na mimi nilikuwa sista mkuu tena dada wa mumewe. Akasema, "Basi sawa, wifi." Akaketi. Hakuniuliza tena. Saa kumi na moja jioni mtoto akafa. Ilikuwa homa ya mapafu. Oksijeni ilikuwepo, mtungi mzima, hatua kumi kutoka kitanda kile.

Jioni hiyohiyo mama yako alianza kusema habari ya maji ya baridi. Alimwambia kaka yangu, akawaambia majirani, akaniambia mimi. Nilimwambia, "Ni mapenzi ya Mungu." Nilijua si maji. Ningesema si maji, angeniuliza ni nini basi. Kwa hiyo nimemwachia maji yale kwa miaka arobaini na moja, na kila asubuhi naona kiwiko chake kikiingia kwenye beseni kwa ajili yangu.

Unaweza kushangaa kwa nini nasema leo. Majina yamefutwa, umeniambia mwenyewe. Hakuna ambaye angejua. Ndiyo maana mwezi Machi nilikuandikia ule uongo mfupi, nikalala vizuri. Kisha ikaja barua yako ya Aprili.

Nimekaa na barua ile barazani siku nyingi. Kitu hiki mnachokijenga kinausikia moyo wa kikongwe kutoka mji mwingine. Kinaona mauti saa kumi na moja kabla hayajabisha hodi. Na kitu kikubwa namna hiyo kimeusoma mwandiko wangu na kuuamini, kama mama yako alivyouamini. Kinakua kwa kula tulichoandika. Nimeogopa, mwanangu, kwa namna ambayo sijaogopa kifo chenyewe: kwamba watoto ambao hawajazaliwa, kwenye zahanati mia nne nisizozijua, watakosa mtu wa kuwatazama kifua kwa sababu ya kalamu yangu na meza ile.

Usiiondoe pumzi. Pumzi ndiyo huonya kabla ya vyote. Nilifundishwa hivyo chuoni na ni kweli. Waonyeshe wenzako barua hii, na jina langu uwape. Mama yako hajui. Nitamwambia. Nipe muda kidogo, ingawa najua ninaokopa si wangu.

Shangazi yako


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo siku tisa. Sikwenda nayo kazini siku ya kwanza, wala ya pili. Nilikuwa naitoa kwenye bahasha nairudisha. Sijui nikuandikie kama nani, kama injinia au kama mdogo wake yule mtoto. Niruhusu leo niwe injinia. Huyo mwingine bado hana la kusema.

Siku ya kumi niliisoma mkutanoni, bila yale ya kaka. Nilipofika kwenye "inamwagwa", daktari wetu mkuu alivua miwani. Mwanamke mzito yule, hajawahi kukosa neno. Akasema, "Sisi tulikuwa tunaandika ishirini." Nesi mshauri wetu akasema, "Sisi ishirini na mbili, ili isionekane imebuniwa." Mtu mmoja akacheka, kisha hakuna aliyecheka tena.

Nilikuambia habari za magodoro yanayohesabu pumzi. Tuna wodi tatu zilizonayo, kwa uchunguzi mwingine kabisa, wa usingizi. Namba zake zilikuwa zimekaa tu, watoto elfu mbili na zaidi, kila dakika ya kila siku. Tukazichukua, tukampa mwanafunzi wetu, tukamwambia asome upya. Ilimchukua dakika kumi na moja. Tulikuwa tumesimama nyuma ya skrini kama wanaongoja matokeo ya mtihani.

Shangazi, aliiweka pumzi juu ya kila kitu. Juu ya joto, juu ya mapigo. Na onyo lake likarudi nyuma, kutoka saa sita mpaka saa kumi na nne. Tuliona mchoro wa mtoto mmoja: joto lake limetulia, mapigo yametulia, na pumzi inapanda taratibu, tangu asubuhi, kama mtu anayepanda ngazi bila kutaka kusikika. Sijui kueleza. Ilikuwa kama kumwona mtoto anaita, na kugundua kwamba siku zote amekuwa akiita.

Fomu haikutiwa saini. Pumzi imerudi, na kuanza kumesogezwa mpaka Novemba. Kilichobaki ni masanduku yenu. Wengine wanataka yaondolewe yote. Wengine tunasema tubakize kurasa, ila safu ya pumzi iachwe tupu, iandikwe haikuhesabiwa. Pengo mashine inalielewa. Uongo haiuelewi. Tutaamua mwezi huu.

Ukurasa wa kaka naweza kuupata kwa tarehe na umri. Sijaugusa.

Mama sitamwambia mimi. Hilo ni lako. Usinifanye nimwongopee kwa muda mrefu.

Mpwa wako


26 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Maneno ni yangu, ila mkono huu unaoandika si wangu, kama unavyouona. Wangu haushiki kalamu tena.

Barua yako niliisoma mara moja, nikasomewa mara ya pili. Saa kumi na nne! Ningepewa mimi saa moja tu siku ile. Nimefikiria ule mchoro wako, mtoto anayepanda ngazi. Sisi tulikuwa mle ndani pamoja nao, tukipita katikati ya vitanda, na hatukusikia hatua. Yatakayokuja ni makubwa, nami nafurahi kwamba sitayaona kwa sababu ningetaka kuanza kazi upya.

Nilimwambia mama yako siku barua yako ilipofika. Alikuwa ananikausha miguu. Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Taulo likasimama.

"Ile namba uliyonionyesha?"

"Ile."

"Hukuhesabu?"

"Sikuhesabu, wifi."

"Na maji?"

"Maji hayakufanya kitu."

Akakaa palepale sakafuni penye maji. Akasema, "Miaka arobaini na moja." Akainuka, akatoka, na siku sita sikuuona uso wake. Chakula kilikuja na binti wa jirani. Mama yako nilimsikia tu uani akiongea na kuku, kwa sauti ya kunifikia: "Kuleni, kuleni. Nyie angalau mkitaga tunahesabu!" Ana kuku mpya. Amempa jina la Sista Dakika. Namsikia akimfukuza jikoni kila asubuhi.

Siku ya saba aliingia na karatasi na kalamu. Akasema, "Nasikia mkono umekufa. Sema, niandike. Ukiandika mwenyewe utamwaga." Ndipo tulipo.

Sikumwomba msamaha kwa maneno mengi. Nilimwomba mara moja. Anaandika sentensi hii na hajainua macho.

Mwanangu, hapa ni mama yako. Yeye amechoka, amefumba macho, lakini anasikia, kwa hiyo naandika huku nasoma kwa sauti ili asiseme nimemteta.

Sijamsamehe. Usiniulize lini. Namlisha, namgeuza ubavu, kifua chake nakitazama mwenyewe, sitegemei ile plasta peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti na yote ni yangu.

Jana nimeoga maji ya baridi. Nilijimwagia ndoo nzima. Nilikuwa nimesahau yalivyo.

Sasa sikiliza. Amenisomesha barua yako, nimesikia mnataka kuyatoa yale masanduku. Msiyatoe. Nenda katafute ukurasa wa kaka yako, tarehe unaijua. Shangazi yako anasema chati haifutwi, kosa linakatwa kwa mstari mmoja, lisomeke. Basi ile namba ikate kwa mstari mmoja, uandike pembeni haikuhesabiwa. Lakini usiache pengo. Aliyehesabu alikuwepo. Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi, sikutoa macho. Andika: mama yake amesema tumbo linapanda na kushuka upesi, na chini ya mbavu panabonyea. Andika na saa, saa nane mchana. Kama mashine yenu inajua kusoma, isome na hilo.

Na kwenye fomu yenu mpya, kabla ya joto, kabla ya hiyo pumzi, wekeni mahali pa kuandika mama amesema nini. Nesi amuulize, aandike kama alivyosema, asimrekebishe.

Shangazi yako amefumbua macho. Anasema fomu itarefuka, manesi watalalamika.

Nimemwambia irefuke.

Mama yako